Dhamana ya Nafsi: Kutoka Vitabu vya Fiqhi hadi Mlango wa Korti



Mara nyingi husikia watu mitaani wakisema: "Fulani alikamatwa, lakini alhamdulillahi kalipiwa dhamana, katoka." Wasemapo hivyo humaanisha kuwa kuna fedha zilizotolewa, na fedha hizo ndizo zilizomaliza maneno. Ukapita mwezi, ikapita miwili, yule kijana huitwa kortini asende, kwa kuwa yeye na wazazi wake huamini kuwa jambo lilikwisha siku ile ya kulipa. Kisha usiku mmoja askari hubisha hodi na waranti mkononi, na nyumba nzima ikaingia katika kilio, na pamoja nao jirani aliyeweka hati ya shamba lake kwa kuwaonea huruma. Msiba wa namna hii aghalabu hauletwi na ubaya wa mtu. Huletwa na kulifahamu vibaya neno moja. Ndipo nikaona ni kheri tulifuate neno hili tangu lilikotoka, tuone limepita wapi mpaka likatufikia kortini.

Neno "dhamana" tumelipata kwa Waarabu, na maana yake ni kujitwika jukumu la mwingine. Wanavyuoni wa fiqhi wameligawa mafungu mawili. Iko dhamana ya mali, yaani mtu kusema: deni la fulani liko juu yangu. Na iko kafala ya nafsi, au kafala ya mwili, yaani mtu kusema: mimi nitamhudhurisha fulani mbele ya kadhi siku atakayotakiwa. Hii ya pili ndiyo mama wa dhamana ya kortini, na ndiyo tutakayoizungumza. Tazama basi, ndugu yangu, kwamba katika asili yake hamna kununua mtu wala kumkomboa. Muna ahadi ya kurudi.

Na mwenye kusoma Surat Yusuf kwa mazingatio ataona mambo haya yamekusanywa katika kisa kimoja. Nabii Yaakub (A.S.) alipotakiwa kumtoa Binyamini aende Misri pamoja na ndugu zake, hakukubali mpaka wampe ahadi nzito kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba watamrudisha, ila wakizingirwa wote. Hiyo ni dhamana ya nafsi, na ndani yake muna udhuru uliotajwa tangu mwanzo. Kisha kilipopotea kipimo cha mfalme, mwenye kunadi akaahidi mzigo wa ngamia kwa atakayekileta, akasema yeye ndiye mdhamini wa ahadi hiyo. Hiyo ni dhamana ya mali. Halafu kipimo kilipoonekana katika mzigo wa Binyamini, ndugu zake wakaomba achukuliwe mmoja wao mahali pake, kwa kuwa baba yao ni mzee sana. Nabii Yusuf (A.S.) akakataa, akajilinda kwa Mwenyezi Mungu asije akamshika mtu asiyekutwa na kitu, kwani huo ungekuwa udhalimu. Jambo hili la tatu nakuomba ulihifadhi, maana tutalirudia.

Katika zama za Mtume (S.A.W.) hapakuwa na nyumba maalumu ya kufungia watu. Imepokewa katika vitabu vya Sunan kwamba alimzuia mtu kwa tuhuma, kisha akamwachilia. Jela ya kununuliwa ilikuja zama za Sayyidna Umar (R.A.), pale liwali wake wa Makka aliponunua nyumba ya Safwan bin Umayya ikawa ya kufungia. Na dola ilipopanuka, majela yakawa mengi, na watu wakaanza kusahauliwa humo. Hapo ndipo alipotokea Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa na kadhi mkuu wa Harun al-Rashid, aliyefariki mwaka 182 wa Hijra, yaani 798 wa Miladi. Khalifa alimtaka amwandikie kitabu juu ya kodi za dola, naye akaandika Kitabu al-Kharaj. Humo ndani, katikati ya mambo ya mashamba na ushuru, akamkabili khalifa kwa habari ya wafungwa. Alimweleza kuwa si halali mtu kutiwa jela kwa sababu tu mwingine amemtuhumu. Wakutanishwe mshitaki na mshitakiwa. Mshitaki akiwa na ushahidi ihukumiwe kwa ushahidi wake, na kama hana, basi mshitakiwa atolewe mdhamini, aachiliwe aende zake. Akamtaka tena awape mahabusu chakula na nguo za kipupwe na za joto, wasitolewe na minyororo kuomba sadaka barabarani.

Watu wengi hudhani kuwa haki ya kutoka kwa dhamana ni zawadi tuliyoletewa na Wazungu. Zaidi ya miaka 1,200 iliyopita kadhi wa Baghdad alikwisha kumwandikia mtawala wake kwamba kifungo si mahali pa kumweka mtu mpaka ushahidi upatikane.

Sasa tuje kwenye kitabu kinachojulikana zaidi katika madrasa zetu za pwani, nacho ni Minhaj cha Imam Nawawi, maana sisi huku wengi wetu ni Mashafi. Waliokisoma mlango wa kafala watakumbuka masharti yake. Mdhamini awe baleghe, mwenye akili timamu na mwenye kusarifu mali yake. Hapakusemwa awe mwanamume, na bibi mwenye sifa hizo dhamana yake ni sahihi. Anayedhaminiwa awe ameridhia, kwa sababu asiporidhia hana wajibu wa kufuatana na mdhamini wake. Kafala ya mwili inafaa kwa mwenye kukabiliwa na adhabu iliyo haki ya mwanadamu, kama kisasi, wala haifai katika adhabu zilizo haki ya Mwenyezi Mungu. Yule mtu akitoroka na mahali alipo hapajulikani, mdhamini hana lawama ya kumleta. Akijulikana alipo, mdhamini hupewa muda wa kwenda na kurudi. Muda ukipita asimlete, hufungwa yeye. Na aliyedhaminiwa akifa akazikwa, mdhamini hadaiwi mali yake.

Tena liko jambo moja katika mlango huo ambalo wanafunzi hulipita mbio. Katika madhehebu yetu mdhamini wa nafsi hageuki kuwa mdaiwa wa fedha. Hata akisharutisha mwenyewe kwamba mtu wake asipopatikana atalipa yeye, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa kafala hiyo imebatilika. Imam Malik na Imam Ahmad wao wanaona kuwa mdhamini aliyeshindwa kumleta mtu hulipa kilichodaiwa. Tofauti hii ni kubwa, na ndiyo itakayotuonyesha tulipobadilishiwa mambo. Kwa Mashafi, kinachowekwa rehani ni juhudi ya mdhamini na heshima yake mbele ya watu. Shamba lake halimo.

Pwani yetu ilihukumiwa kwa miaka mingi na makadhi na maliwali chini ya masultani wa Zanzibar, makadhi wa Kishafi kwa raia wengi, na wa Kiibadhi kwa madhehebu ya watawala. Mwaka 1895 Waingereza wakatangaza himaya yao juu ya Afrika Mashariki. Ukanda wa pwani wa maili kumi ukabaki kwa jina ni wa Sultani, na bendera yake ikapepea, lakini amri ilikuwa yao. Mwaka huo huo Ngome ya Mombasa, ile waliyoijenga Wareno, ikafanywa jela, ikaendelea kuwa jela mpaka 1958. Ngome ya Lamu nayo ilikuwa gereza hadi mwaka 1984. Mwaka 1897 zikaletwa sheria za jinai zilizotungwa kwa ajili ya Bara Hindi, na katika Kenya zikatumika mpaka 1930, ilipotungwa sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ambayo, pamoja na marekebisho mengi, ndiyo inayofuatwa kortini hadi leo. Makadhi wakaachiwa ndoa, talaka na mirathi.

Haki lazima isemwe hata kwa asiyekuwa wetu. Waingereza nao walizipata kanuni hizi kwa kuumia. Mwaka 1763 serikali ya London ilikasirishwa na gazeti la John Wilkes, ikatoa hati ya kukamata waandishi, wapiga chapa na wauzaji, bila ya kumtaja mtu hata mmoja kwa jina. Wakakamatwa karibu watu 50. Kesi zilizofuata, mpaka ile mashuhuri ya 1765, mahakimu wakakata kwamba hati ya namna hiyo ni batili. Kabla ya hapo, mwaka 1689, Bunge lao lilikwisha kukataza korti kutoza dhamana kubwa kupita kiasi, kwa sababu wafalme walikuwa wakitaja fedha nyingi wakijua kuwa hazitalipika, na mtu akaoza ndani. Basi hiyo waranti yenye jina, na hilo sharti la dhamana isiyozidi kipimo, vilikuja kwetu vikiwa na historia ya dhulma nyuma yake.

Waranti ya kukamata, kwa sheria ya Kenya, hutolewa na hakimu au jaji, ikawa na saini yake na muhuri wa korti. Hutaja kwa ufupi kosa linalodaiwa, na humtaja mtu anayetakiwa au kumweleza kwa namna ya kumtambulisha. Askari anayeitekeleza lazima amwarifu mtu yaliyomo, na akitakiwa kuionyesha aionyeshe. Una haki, ndugu msomaji, ya kuomba kuiona, na kuiomba kwa adabu si ukaidi. Lakini usidhani kwamba kila kukamatwa huhitaji waranti. Yako makosa ambayo sheria inamruhusu askari kumkamata mtu papo hapo. Na fahamu pia kuwa waranti haichakai. Hubaki na nguvu mpaka itekelezwe au ifutwe na korti iliyoitoa. Kijana aliyekimbilia Dar es Salaam au Maskati miaka mitano, akadhani imesahauliwa, ataikuta ikimngoja. Aliyekosa kufika siku yake kwa maradhi au msiba, dawa yake ni kwenda mwenyewe kortini upesi, na ushahidi wa udhuru wake, aiombe ifutwe. Mahakimu huwa tofauti kabisa na mtu aliyekuja kwa miguu yake kuliko aliyeletwa na pingu.

Na lile la Nabii Yusuf, huu ndio mwahali mwake. Yapo malalamiko ya zamani katika miji yetu, kwamba anatafutwa kijana asipatikane, akachukuliwa baba yake au ndugu yake "mpaka yule ajitokeze". Waranti imeandikwa jina la mtu mmoja. Haimshiki mzazi wala mke. Nabii alikataa jambo hilo hata lilipoombwa na jamaa wenyewe kwa hiari yao, seuze wasiloliomba.

Tuje sasa kwenye kutoka. Katiba ya Kenya iliyopitishwa mwaka 2010, kifungu cha 49, yasema aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, au siku ya korti inayofuata ikiwa saa hizo zimeishia nje ya wakati wa kazi, na kwamba ana haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kiasi, ila pakiwa na sababu nzito ya kumzuia. Haikubagua makosa. Kabla yake mambo hayakuwa hivyo. Mwaka 1985 Mahakama Kuu iliona kuwa sheria iliyonyima dhamana kwa wizi wa kutumia nguvu ilikuwa inapingana na Katiba ya wakati ule. Mwaka 1987 serikali ikaibadilisha Katiba yenyewe, ili wenye makosa ya kunyongwa wasitoke. Jirani zetu wa Tanzania bado wana orodha ya makosa yasiyo na dhamana, kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa silaha. Mwezi wa Mei 2020 Mahakama Kuu yao ilisema kifungu hicho hakiafikiani na Katiba, na Agosti ya mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Mwenye jamaa Tanga au Unguja asimpe nasaha kwa sheria ya Mombasa.

Namna za kutoka ni hizi. Hakimu aweza kumwachilia mtu kwa ahadi yake mwenyewe, akatia saini tu. Aweza kutaka fedha taslimu, ambazo ni amana; kesi ikimalizika, na mtu akawa amehudhuria siku zake zote, hurudishwa kwa aliyezitoa, hata kama mshitakiwa amepatikana na hatia. Au aweza kutaka bondi, yaani kiasi kilichoandikwa, pamoja na mdhamini mmoja au zaidi. Polisi pia waweza kumwachilia mtu kituoni kwa bondi, na bondi hiyo haina bei. Ikichukuliwa fedha taslimu kituoni, lazima itolewe risiti. Fedha isiyo na risiti hiyo si dhamana, na wewe msomaji wajua Mtume (S.A.W.) alisema nini juu ya mwenye kuitoa na mwenye kuipokea.

Mdhamini anapofika kwa hakimu huulizwa maswali ambayo kadhi wa zamani angeyatambua.

"Bibi, huyu kijana ni nani kwako?"

"Ni mtoto wa marehemu ndugu yangu, mheshimiwa. Nimemlea mimi."

"Anakaa wapi?"

"Kwangu."

"Wajua ya kuwa asipokuja, wewe ndiwe utakayedaiwa?"

Swali la mwisho ndilo geni. Kwa sheria hii, mtu akitoroka, mdhamini huitwa aeleze kwa nini asilipe kiasi kilichoandikwa. Asipokuwa na udhuru wa kukubalika na asilipe, mali yake yaweza kukamatwa ikauzwa, na isipotosha, yeye mwenyewe aweza kufungwa muda usiozidi miezi sita. Hapa tumekwisha kutoka katika Minhaj, tumekaribia kauli ya Imam Malik, tena kwa ukali zaidi. Simkatazi mtu kudhamini. Kumtoa aliyefungwa bila ya hukumu ni jambo kubwa la kheri. Namtaka asome anachotia saini.

Na kwa kuwa dhamana imehama kutoka kwenye neno kwenda kwenye mali, swali la pili kortini huwa ni hati ya ardhi. Hapa ndipo watu wa pwani wanapoumia kuliko wengine, na sababu yake ni ya historia. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya ukanda huu wa pwani peke yake. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa alete madai yake yaandikwe, na isiyodaiwa ikahesabiwa ni ya serikali ya Mfalme wa Uingereza. Wengi katika Wamijikenda na Waswahili wa vijijini hawakupata habari, au hawakuona sababu ya kumwomba mgeni karatasi ya shamba alilozikwa babu yao. Wajukuu wao wakawa ndio "maskwota" juu ya minazi yao wenyewe. Na Mombasa mjini tuna desturi isiyo na mfano wake bara: nyumba ni ya huyu, kiwanja ni cha yule. Mtu ana nyumba ya mawe ya vyumba sita, kairithi kwa baba yake, na kila mwezi hulipa kodi ya ardhi. Akitakiwa hati kortini hana. Basi mtu mwenye miaka sabini mtaani, anayejulikana na kila mtoto, dhamana yake yaonekana haba kuliko ya aliyenunua kiwanja mwaka jana.

Lakini tazama, sheria yenyewe haikutaja hati ya ardhi. Yataka wadhamini "wa kutosha" kwa rai ya korti. Hati ni mazoea. Kitabu cha gari hukubaliwa, na risiti ya mshahara, na mwongozo wa mahakama wa mwaka 2015 juu ya dhamana unawakumbusha mahakimu kutazama hali ya mtu na kutomwekea sharti asiloliweza. Aliyeandikiwa kiasi kikubwa aweza kumwomba hakimu akipunguze, na akikataliwa aweza kwenda Mahakama Kuu, ambayo ina uwezo wa kukipunguza. Afisa wa probesheni hutumwa mara nyingine mtaani kuuliza habari za mshitakiwa, na hapo neno la jirani, la mzee wa mtaa na la imamu wa msikiti hurudi kuwa na uzito liliokuwa nalo. Afisa huyo akija kwako usimfukuze ukidhani ni mpelelezi. Mwambie kweli, na kama kijana hana tabia ya kusimamiwa, sema hivyo pia.

Wengine huingia katika dhamana kwa aibu, kwa kuwa wameombwa na jamaa mbele ya watu, kisha wakakaa na hofu miaka miwili. Hawa wajue kuwa sheria imewafungulia mlango. Mdhamini wakati wowote aweza kwenda kortini akaomba avuliwe jukumu lake. Korti hutoa waranti ya kumleta mshitakiwa, na akifika hutakiwa atafute mdhamini mwingine. Ni bora kufanya hivyo mapema, mtu angali yupo mjini, kuliko kungoja mpaka amepanda basi. Na mdhamini akifariki kabla ya bondi kuvunjwa, mirathi yake haidaiwi kitu. Warithi wake wasikubali kuambiwa na dalali yeyote wa mlango wa korti kwamba shamba limefungika. Waende kwa karani wa masjala, na cheti cha kifo mkononi na namba ya kesi, waidai hati yao.